Siku moja kwenye benchi la chensoo, Ngamiani, Tanga: kutoka mm 48 kwenda mm 50

Saa 1:10 asubuhi

Mteja wa kwanza ametoka Muheza na basi la alfajiri, chensoo kaitia kwenye kiroba cha sandarusi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Hii imeisha nguvu. Nitilie ile silinda kubwa."

Ni Husqvarna 365 ya zamani. Silinda yake ina kipenyo cha mm 48, na pistoni inapanda na kushuka mm 36. Hiyo ni cc 65.1. Dada yake 372 XP ana mwendo ule ule wa mm 36, ila kipenyo ni mm 50, yaani cc 70.7. Nyumba ya krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) haina tofauti ya kukuzuia, kwa hiyo silinda na pistoni za 372 zinakaa bila kukata chuma popote. Kwa vipimo vya kiwanda unatoka kW 3.4 unakwenda kW 3.9. Wanaopasua magogo ya mitiki na miembe wanaijua tofauti hiyo mkononi.

Pima kwanza kabla ya kununua seti. 365 za toleo la X-Torq tayari zina mm 50, na kwa kusoma kibandiko cha nje tu unaweza kukosea. Mtu anaweza kununua silinda ambayo anayo.

Saa 1:30

Bado hatujashika spana ya silinda. Kinachofunguliwa kwanza ni kifuniko cha nyuma, tuone filta, au ea klina kama wateja wanavyoiita. Injini kubwa inavuta hewa nyingi zaidi kupitia filta ile ile. Kama filta inapitisha vumbi, silinda mpya italila hilo vumbi kwa kasi kubwa kuliko ile ya zamani.

Kijana anachukua kitambaa cheupe, anakizungushia kidoleni na kufuta koo la kabureta, upande wa ndani, ambako hewa imeshachujwa. Panatakiwa pawe safi. Kitambaa kinatoka na mstari wa hudhurungi mnene upande mmoja, kama umefuta kingo ya dirisha kiangazi. Mstari wa upande mmoja maana yake hewa inapita ukingoni, haipiti kwenye wavu. Na kweli: klipu moja ya filta imevunjika, na mdomo wa plastiki umepinda kwa joto. Wavu wenyewe ni mzima.

Ndiyo maana kusema "filta nimeiosha juzi" hakutoshi. Filta inaoshwa kila siku na bado injini inakufa kwa vumbi, kwa sababu tundu liko pembeni.

Saa 2:00

Mgandamizo: kipimo kinaingia kwenye tundu la plagi, kabureta inafunguliwa wazi kabisa, unavuta kamba mpaka mshale usimame. Psi 105. Ikiwa chini ya 120 mashine imechoka; kuanzia 150 kwenda juu ni nzima. Kama mashine ina vali ya kupunguza mgandamizo, hakikisha haikubonyezwa, la sivyo unapima uongo.

Saa 2:20

Klachi inafunguliwa sasa, wakati silinda ya zamani bado ipo. Kamba laini inaingizwa kupitia tundu la plagi ili pistoni ijikaze juu yake na krenki isizunguke. Ukishang'oa silinda huna tena cha kuizuia. Klachi ina nyuzi za kinyume: inafunguka kwa kuzungusha kulia. Wasiojua huikaza hadi wakakata krenki.

Kisha eksozi, kabureta na mpira wa kuingizia hewa. Bolti nne za silinda, na silinda inainuka.

Hapa ndipo ushahidi ulipo. Pistoni inageuzwa kuelekea mwangani:

Upande wa eksozi kuna michirizi miwili mitatu myembamba. Si mikubwa. Michirizi mirefu upande huu ingesema mafuta yalikuwa haba au oili haikutosha, joto likapanda, alumini ikajipaka kwenye ukuta.

Upande wa kabureta ndio wenye habari. Pistoni mpya ina mikwaruzo midogo ya mashine ya kiwandani, mistari ya mlalo unayoihisi kwa ukucha. Huku chini kwenye sketi, yaani ubavu wa chini wa pistoni, haipo tena. Pamekuwa pa kijivu, palaini, hapang'ai, kama pamepigwa msasa. Ni vumbi hilo, na limeingia kwa njia ile ile ya kitambaa.

Tambara safi linasokotwa na kuziba mdomo wa nyumba ya krenki kabla ya kugusa pini ya pistoni. Klipu ya pini ikiruka ikaangukia ndani, siku yako imekwisha.

Saa 4:00

Chai na mihogo. Silinda ya zamani inawekwa kando.

Saa 4:20

Seti mpya ya mm 50 si ya kutoa kwenye boksi na kufunga. Silinda nyingi za bei nafuu zinakuja na kingo kali kwenye madirisha yake, yaani matundu ya kupitisha hewa na moshi. Pitisha ukucha kutoka ndani ya silinda kuelekea dirishani. Ukikwama, ringi nayo itakwama na kukatika. Msasa wa maji namba 600, kingo tu, taratibu, usiguse ukuta wenye koti gumu. Halafu sabuni na maji ya uvuguvugu, kausha, paka oili ya tu-stroku (ile ya kuchanganya na petroli) mara moja. Hewa ya Tanga haimsubiri mtu. Chuma kitupu kikilala usiku mmoja kinaanza kutu.

Ringi inaingizwa peke yake kwenye silinda na kusukumwa na pistoni ili ikae sawa, kisha nafasi ya ncha zake inapimwa kwa fila geji, vibapa vyembamba vya kupimia nafasi. Hapa tumepata mm 0.25. Kati ya 0.2 na 0.4 tunafunga.

Klipu za pini zilizokuja na seti tunazitupa kama ni laini zikibonyezwa. Mdomo wa klipu unaelekea juu au chini, kamwe si pembeni. Mshale wa pistoni unaelekea eksozi. Beringi ya pini inapata oili, ncha za ringi zinakaa kwenye vijipini vyake, na silinda inateremshwa kwa vidole, bila nyundo na bila kuizungusha. Ikigoma, itoe uanze upya.

Saa 5:45

Nafasi kati ya pistoni na kichwa cha silinda. Kipande cha waya wa risasi wa kuchomelea kinaingizwa kwenye tundu la plagi mpaka kiguse ukuta, krenki inazungushwa kwa mkono, waya unabonyea, unapima unene wake. Imetoka mm 0.6. Chini ya 0.5 hatuendi. Kuna mafundi wanaondoa gasketi ya chini ili kuongeza mgandamizo. Kwa silinda ya kiwandani iliyopimwa inaweza kufanya kazi, kwa seti ya dukani usiyoijua ni kucheza kamari na pistoni ya mwenzako.

Bolti zinakazwa kwa mshazari, mara mbili.

Saa 7:30 mchana

Kupima uvujaji. Hapa wengi wanaruka, na hapa ndipo silinda mpya inapokufa ndani ya wiki. Eksozi inazibwa kwa kipande cha mpira, mdomo wa hewa unazibwa, pampu inaunganishwa. Presha ya bar 0.5 isimame sekunde 20. Ikashuka. Maji ya sabuni yanapakwa kwa brashi kila kiungo: gasketi ya chini hakuna, plagi hakuna, sili ya krenki (ringi ya mpira inayozuia hewa kupita) upande wa klachi, povu dogo linakua.

Sili ikivuja, injini inavuta hewa isiyopita kwenye kabureta. Mafuta yanakuwa haba, mzunguko unapanda wenyewe, na pistoni inakamata upande wa eksozi. Sili mpya inaingia ikiwa imepakwa grisi mdomoni. Tunarudia presha: imesimama. Tunageuza pampu, tunavuta badala ya kusukuma, bar 0.5, baada ya sekunde 20 isirudi chini ya 0.3. Sawa.

Koili ya moto wa plagi inakaa mm 0.3 kutoka flaiwili (gurudumu la krenki). Pengo la plagi mm 0.5.

Saa 9:00 alasiri

Sasa filta. Kwa mashine hii zipo za nailoni zenye matundu ya mikroni 80 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), za mikroni 44, na za feliti, yaani nyuzi zilizobanwa. Ya 80 inapumua vizuri, na inafaa mti mbichi wenye chenga kubwa. Mitiki mikavu na minazi iliyokufa inatoa unga, na unga unahitaji 44 au feliti. Tunamfungia feliti, na ya pili ya akiba, kwa sababu feliti iliyooshwa lazima ikauke kabisa, na kwa unyevu wa pwani hiyo ni hadi kesho yake.

Iinue kuelekea jua: ukiona nukta ya mwanga, itupe. Klipu zote mbili ziwe mpya. Mdomoni tunapaka grisi nyembamba sana, siyo ya kuziba. Ni ya upelelezi. Baada ya kazi ukikuta vumbi kwenye grisi upande wa ndani, hewa inapita pembeni.

Msisahau njia ya hewa yenyewe. Mashine hizi zinatumia mapezi ya flaiwili kurusha chenga nzito pembeni, na kimrija kidogo kinachukua hewa iliyo safi zaidi kupeleka kwenye filta. Kimrija hiki kilikuwa kimejaa unga uliogandamana na oili, mgumu kama udongo wa kichuguu. Kikiziba, filta yoyote utakayoweka inajaa nusu ya muda wake.

Kuosha: maji ya uvuguvugu na sabuni. Petroli inalegeza gundi ya feliti. Kompresa ipulize kutoka ndani kwenda nje, kwa mbali. Ukiipuliza kwa karibu unatoboa.

Saa 10:15

Mafuta: oili nzuri ya tu-stroku 1:50, yaani ml 20 kwa lita, ml 100 kwa dumu la lita 5. Oili usiyoiamini, weka 1:33, ml 30 kwa lita. Ile oili chafu ya magari inayomwagwa kwenye tangi la cheni ni mazungumzo mengine, na siyo ya adabu.

Kabureta inaanzia skrubu za H (mafuta ya kasi kubwa) na L (ya kasi ndogo) zikiwa zimefunguliwa mzunguko mmoja. Usimamaji, yaani injini ikiunguruma bila kubanwa mafuta, mizunguko 2,700 kwa dakika. Kasi ya juu ya 372 ni 13,500. Silinda ikiwa mpya tunaishia 12,500 kwa matangi ya mwanzo. Ikiwa hewani iguguruke kidogo kama inakohoa, ikiingia kwenye gogo sauti inyooke. Ikilia kama nyuki ikiwa hewani, fungua H.

Kuseti kunafanywa filta ikiwa safi. Ukiseti na filta iliyoziba, kesho ukiiosha hewa inaongezeka, mafuta yanabaki yale yale, pistoni inaungua. Vivyo hivyo mashine iliyosetiwa Lushoto, mita zaidi ya 1,000 juu, ikiletwa huku pwani bila kuguswa mafuta yake yanakuwa haba.

Tunakata gogo la mwembe mara sita, tunazima, inapoa, tunawasha tena. Mgandamizo: psi 155.

Saa 11:20

"Mzee, matangi kumi ya kwanza usiibane muda mrefu. Halafu fungua hapa, tazama grisi. Ukiona vumbi ndani, usiwashe tena, niletee."

"Na hii nyingine?"

"Hiyo ni ya kubadilisha. Moja inafanya kazi, moja inakauka."

Filta ya pili inafungwa kwenye mfuko wa nailoni, inaingia kirobani pamoja na mashine. Kwenye benchi imeshapandishwa Stihl 070 ya kesho. Kifuniko cha filta kimefungwa kwa waya.