Sauti inayochezeka ndani ya makala ya wiki

Kwa uzoefu wangu, sehemu kubwa ya kazi ya kuweka sauti kwenye Wikipedia hufanyika kabla hujagusa makala yenyewe. Simu nyingi hurekodi kwa muundo wa M4A, ambao Wikimedia Commons, ghala la faili za Wikipedia, haiupokei. Inapokea Ogg Vorbis, Opus, FLAC na WAV. MP3 pia, ila mpakiaji mgeni huzuiwa. Kubadilisha herufi za mwisho wa jina hakusaidii, kwani mtambo hukagua yaliyomo ndani ya faili. Mimi hutumia ffmpeg, programu ya kubadilisha faili kwa kuandika amri:

ffmpeg -i sauti.m4a -ac 1 -c:a libvorbis -q:a 4 sauti.ogg

Hiyo "-ac 1" huacha chaneli moja, nayo yatosha kwa maneno ya mtu. Kwa muziki, iondoe. Kabla ya hapo napitisha rekodi kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti: nakata ukimya wa mwanzoni na mwishoni, kisha napandisha sauti hadi kilele cha −1 dB. Rekodi ya matamshi ikianza na ukimya wa sekunde tatu, msomaji hudhani kichezaji kimekufa.

Haki zinahitaji umakini zaidi ya ufundi wote huu. Kurekodi wimbo kwa simu yako hakukupi haki ya kuupakia. Mtunzi na mwimbaji wana haki zao. Pata kibali cha maandishi, ndipo uchague leseni huria kama CC BY-SA 4.0, inayoruhusu wengine kuitumia kazi kwa kumtaja mwenyewe na kwa leseni ileile.

Ukishapakia faili Commons, andika hivi kwenye makala:

[[File:Sauti.ogg|thumb|Matamshi ya jina]]

Kichezaji hujitokeza chenyewe. Ukiweka "Media:" badala ya "File:", utapata kiungo tu. Kiungo kikiwa chekundu, yaani faili haikupatikana, angalia herufi: .OGG na .ogg ni majina mawili tofauti. Rekodi ndefu unaweza kuionyesha kipande tu kwa kuongeza |start=0:15|end=0:40.

Baadhi ya vivinjari, hasa matoleo ya zamani ya Safari ya Apple, havichezi Ogg, hivyo seva hutengeneza nakala ya MP3. Faili ikiwa imepakiwa sasa hivi na haitoi sauti huko, subiri ubadilishaji ukamilike kabla ya kuipakia upya. Wakati huo utumie kuandika manukuu kwenye ukurasa wa TimedText:Sauti.ogg.sw.srt kule Commons, ili asiyesikia naye asome kinachosemwa.