Wimbo siujui, kikohozi nakijua

Kundi letu la WhatsApp la muziki wa dansi lina sheria moja, imeandikwa juu kabisa kwa herufi kubwa: HAPA NI DANSI TU. Admini wetu, mstaafu wa Dodoma, aliiweka baada ya mtu kutangaza viwanja vya Kibaha saa nane za usiku. Ukipotoka unapewa onyo, ukirudia unatolewa. Kwa sheria hiyo mimi ningeshatolewa zamani, na pengine mama yangu asingekuwa amekaa hapa nyuma yangu sasa hivi, akinisimamia niandike nini na niache nini.

Mimi ni fundi cherehani, Morogoro. Nimezaliwa 1979, mwaka aliokufa Mbaraka Mwinshehe kwa ajali ya gari Mombasa. Ilikuwa Januari, mimi nikiwa bado tumboni, na mama anasema redio ilipotangaza nilimpiga teke lililomkalisha chini. Mama hutia chumvi. Lakini ndivyo nilivyolelewa: nyumbani kwetu habari za wanamuziki zilisimuliwa kama habari za wajomba.

Kundini tuko mia na themanini na kitu, wanaosema hawafiki ishirini. Waliobaki wanasikiliza, wanapakua, wanaweka dole gumba, basi. Hao ishirini nawajua kuliko majirani zangu, ingawa ana kwa ana nimeonana na mmoja tu, na huyo alikuja kuchukua suruali.

Yuko Dereva, anayepeleka mzigo Lubumbashi. Anampenda Remmy Ongala wa Super Matimila kupita kiasi, na sauti zake huja na injini ikinguruma chini yake. Akisema "wazee, leo Super Matimila," ujue yuko kwenye foleni ya Tunduma au Kasumbalesa, siku ya tatu hajasogea, ameinjika wali kwenye jiko dogo la gesi pembeni ya tairi. Mkewe naye yumo kundini. Hajawahi kuandika hata neno moja, ila Dereva akituma wimbo, moyo wa kwanza ni wake. Sisi wengine tunajifanya hatuoni.

Yuko Mama Mombasa, anayeshikilia kwamba Mbaraka ni wao kwa kuwa alifia kwao. "Nyinyi mlimzaa tu," hutuambia, kisha anatutumia picha ya mahamri na mbaazi ili mjadala ufe. Yuko Babu wa Muscat, aliyeondoka Unguja akiwa kijana. Kila Ijumaa anatuma taarabu ya Ikhwani Safaa kana kwamba sheria hajaiona. Zamani tulikuwa tunamkumbusha. Siku moja akaandika kwamba nyumbani kwake hakuna tena anayeyaelewa maneno ya nyimbo hizo, wajukuu wote ni Kiarabu na Kiingereza. Tangu siku hiyo Ijumaa ni yake.

Halafu yuko Mzee wa Tanga. Kwake hakuna kizuri kilichotoka pengine: Atomic Jazz ni Tanga, Jamhuri Jazz ni Tanga, na hata Simba Wanyika iliyoanzia Nairobi mwaka 1971, atakukumbusha kwamba Wilson na George Kinyonga walikuwa vijana wa Tanga kabla hawajawa wa mtu mwingine. Kibaya zaidi ni kwamba hapo anasema kweli.

Ugomvi mkubwa wa kundi ni ule ule wa Dar es Salaam nzima, wa bendi mbili: Msondo, ambayo zamani ilikuwa Nuta Jazz, na Sikinde, ndiyo Mlimani Park. Kwa asiyejua, ni Simba na Yanga yenye mdomo wa bata na magitaa. Siku ugomvi ukiwa umelala, mtu anatupa jina la Muhidin Gurumo, na moto unawaka. Gurumo aliimba Nuta Jazz, akaenda Mlimani Park ilipoanza 1978, akapita Safari Sound, akarudi Msondo na kuzeekea huko. Sasa marehemu ni wa nani? Nimeona watu wazima wakigombea sauti ya mtu kama wanagombea shamba la mirathi, hadi saa saba za usiku, wakati kesho kila mmoja ana kazi. Mimi ni Sikinde. Nisiulizwe zaidi.

Nilipomweleza mama mambo haya, hakushangaa. "Ni kadi za salamu," akasema, akaendelea kumenya vitunguu. Kweli kabisa. Alikuwa mtu wa kadi, mama. Unainunua dukani, unajaza jina lako, wimbo unaoutaka, majina ya unaowasalimia, na chini kabisa unaweka ujumbe. Unaituma Radio Tanzania, halafu unasubiri wiki hata miezi. Wimbo wenyewe kila mtu alikuwa anaujua. Watu walikaza masikio kwenye majina, wajue fulani wa Kilosa bado mzima, fulani wa Mahenge ameolewa maana ukoo umebadilika, na ule ujumbe wa mwisho umelengwa kwa nani. Mama anadai kuna mwanamke aliyemtupia vijembe vya redioni mwaka mzima. Nimemuuliza kisa, amekataa kata kata kusema.

Sasa nije kwenye wimbo wake.

Asubuhi moja alikuwa amekaa mkekani anachambua mchele, akaimba chini chini wimbo ambao sijawahi kuusikia. Hakuwa na maneno yote, alikuwa na sauti tu, na mahali fulani panapopanda kisha panashuka taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Nikamuuliza ni wa nani. Akasema "wa zamani." Nikachukua simu nikamrekodi bila kumwambia, sekunde arobaini na moja, nikaitupa kundini: "Wazee wangu shikamooni. Nisaidieni huu, mama jina limempotea."

Mzee wa Tanga hakuchukua dakika mbili. "Atomic. Sikiliza anavyopandisha hapo kati." Mwingine akasema Western Jazz. Dereva akasema yeye wimbo haumhusu, lakini anasikia ungo unapepetwa, na mchele huo kwa mlio wake lazima uwe wa Kyela. Mama Mombasa akauliza mlio wa mchele wa Kyela ukoje, akajibiwa kwa sauti ya dakika nzima. Kuna aliyemsikia jogoo, kuna aliyesikia cherehani la jirani yangu, mmoja akasikia hata muuza maji akipita. Nilicheka peke yangu kibandani hadi mteja akaniuliza kulikoni.

Ndipo akaandika mtu ambaye nilikuwa sijawahi kuliona jina lake pale. Ni nesi, yuko Bukoba, na alikuja kunieleza baadaye kwamba yumo kundini miaka mitatu kwa ajili ya zamu za usiku. Aliandika hivi: "Dada, wimbo siujui. Kikohozi nakijua. Kina muda gani?"

Kikohozi gani? Nikairudia ile sauti. Sekunde ya kumi na tisa, kipo. Ya thelathini na tatu, kipo tena. Vikohozi vifupi, vikavu, ambavyo mama alivimeza katikati ya mstari na kuurudia wimbo palepale alipouachia, bila kupotea hata kidogo. Nilikuwa naishi na sauti hiyo. Nilikuwa nimeshaizoea kama mtu anavyozoea jokofu linavyonguruma.

Nesi akanifuata pembeni kwa maswali. Anatoka jasho usiku? Kanga ya kulalia nilikuwa naianika kila asubuhi, nikidhani ni joto la Morogoro. Anakula? Anasema ameshiba. Amepungua? Hapo nikaiweka simu mezani. Tangu sikukuu ya Idi nilikuwa nimempunguzia mama gauni mara mbili. Mara ya kwanza kwenye mbavu, inchi moja kila upande. Mara ya pili nilifumua hadi mabegani. Mimi mwenyewe, kwa mikono hii, na futi shingoni. Mtu ambaye kazi yangu ni kupima miili ya watu nilimpima mama yangu mara mbili, nikaandika namba kwenye daftari, nikasema moyoni ni uzee.

"Kikohozi kikizidi wiki mbili hakina mjadala," nesi akaandika. "Kesho, si keshokutwa."

Tulienda kesho. Mama alikuwa amenuna njia nzima kwa sababu nilimrekodi bila ruhusa na kumpeleka kwa wanaume asiowajua. Makohozi yakapimwa, na ikawa kifua kikuu. Sitarefusha hapa. Dawa za TB kwenye vituo vya serikali ni bure, miezi sita bila kuruka, na mimi na wanangu tulipimwa tukakutwa salama. Nesi alikuwa ameshatuonya kwamba dawa zitageuza rangi ya mkojo, tusije tukapiga yowe. Siku ya pili mama akatoka chooni akatangaza kwamba amekojoa Fanta.

Kundini nilinyamaza. TB watu wanaiogopa na kuinong'ona, nikaona si jambo la kumwaga mbele ya watu mia na themanini. Lakini waliuliza. Siku ya kwanza mmoja, ya pili watano, mpaka Babu wa Muscat akatuma taarabu siku ya Jumanne, jambo ambalo halijawahi kutokea, na chini yake ameandika "kwa mama wa mchele." Nikamuuliza mama niwaambie? Akafikiri, akasema waambie, wao ndio walionisikia.

Nikawaambia. Nilitegemea onyo la Admini, na kweli aliandika: "Ndugu zangu, naomba turudi kwenye mada. Mada ni wimbo wa mama, na mama lazima apone ili atuimbie ulipoishia." Halafu akatuma kitu kwa simu, cha kununulia mayai na maziwa, akaniomba nisimtaje. Nimemtaja cheo tu.

Vidonge ni vya kila asubuhi, na kwa mama asubuhi ndiyo ilikuwa mtihani, maana vilimchafua tumbo wiki za mwanzo. Dereva akajitolea: kila siku saa moja atatuma kibao kimoja, na mama ameze kabla hakijaisha. Alipokosa mtandao barabarani alipokezana na Mama Mombasa. Mpango ulikuwa mzuri, ila Dereva ni Dereva. Siku ya nne, bila kufikiri, akatuma "Kifo" ya Remmy. Mama akasikiliza hadi mwisho, glasi ya maji mkononi, akaniambia: "Mwambie huyo kijana nina kifua, sina msiba." Nilipofikisha ujumbe, mke wa Dereva akaandika kwa mara ya kwanza tangu kundi lianze: "Hata mimi nilimwambia."

Mama amemaliza dozi mwezi uliopita. Gauni nimelifumua tena, safari hii kulitanua. Nguo ikitanuliwa inabaki na alama za sindano za zamani pembeni ya mshono mpya, na kwa kitambaa kile cha bluu zinaonekana vizuri sana. Mteja yeyote angelirudisha. Mama analivaa hivyo hivyo.

Wimbo bado haujapatikana. Nimetumiwa mafaili hadi simu ikagoma kwa kujaa, na hakuna hata mmoja ulio wenyewe. Inawezekana umelala kwenye mikanda ya Radio Tanzania. Inawezekana pia haukuwahi kurekodiwa, ulipigwa ukumbini watu wakaucheza, ukaishia kwenye miguu yao.

Mama alinipa ruhusa ya kuandika haya yote kwa sharti moja, kwamba niseme wimbo ni wa Cuban Marimba, bendi ya Salum Abdallah ya hapa Morogoro. Basi nimesema. Mzee wa Tanga yeye hajarudi nyuma hata hatua moja, ni Atomic, ni Atomic, kwa hiyo wiki iliyopita mama akaninyang'anya simu, akabonyeza kitufe cha sauti kwa kidole cha shahada, akaongea naye mwenyewe. Nanukuu:

"Wewe baba wa Tanga. Kama umenizidi, shikamoo. Kama nimekuzidi, naisubiri. Mimi Salum Abdallah nimemwona kwa macho haya, hapahapa Morogoro, kabla ile ajali ya mwaka sitini na tano haijamchukua. Nilikuwa binti wa miaka kumi na saba, nimeiba viatu vya dada yangu, vimenibana, na nilicheza navyo wimbo huo mpaka vidole vikatoka malengelenge. Kovu moja ninalo. Sasa wewe niambie, hiyo Atomic yako ilikuchubua wapi?"

Kundi zima likanyamaza. Maelezo ya ujumbe yalionyesha Mzee wa Tanga ameisikiliza. Ikapita jioni, ukapita usiku, na Mzee wa Tanga hana kawaida ya kulala na jibu. Asubuhi saa moja, kabla Dereva hajatuma chochote, akaandika:

"Shikamoo dada."

Mama akaitikia marahaba kwa sauti, huku simu akiwa ameishika mbali na macho ili asome. Kisha ikaingia ya pili:

"Lakini ni Atomic."