Mawe ya kukanyagia niliyomtengenezea mama bustanini

Mama alipokuja kukaa na sisi masika iliyopita, kitu cha kwanza kilichonipa wasiwasi ni kile kinjia cha kutoka mlango wa jikoni mpaka kwenye matuta ya mchicha. Uwanja wetu hapa Goba, Dar es Salaam, ni udongo wa mfinyanzi, mvua ikipiga siku mbili tu unateleza kama sabuni, na goti la mama la kushoto linamsumbua siku nyingi, ila ukimwambia akae ndani mboga atachuma mwingine ni kama umemfunga kamba. Siku moja akateleza akajishika kwenye mpapai. Alhamdulillahi hakuumia, lakini mi usiku ule usingizi haukuja, asubuhi nikaenda kununua mfuko mmoja wa simenti.

Najua kuna watakaosema si ungenunua pevingi tu, yale matofali ya zege ya kutandika uani. Pevingi ni nzuri, ila zinataka eneo zima lisawazishwe na kushindiliwa, mi nilitaka jiwe mojamoja, nyasi zipite katikati na maji ya mvua yapate pa kuzama.

Mawe manne ya kwanza yaliharibika yote. Nilikoroga zege jepesi kama uji ili limwagike vizuri kwenye beseni, afu nikayaanika juani nikijua ndo yatakauka haraka, kesho yake nikayatoa. Wiki haijaisha mawili yana nyufa, moja limekatika mkononi, na la mwisho kingo zake ukizisugua na kidole zinadondoka unga. Fundi anayejenga nyumba ya jirani akaja akaliangalia lile lililokatika, akaligeuza, akaniambia, "Dada, zege halikauki, linashika." Hilo neno ndo limenifundisha kila kitu. Yani simenti inakuwa ngumu kwa sababu inaungana na maji, sio kwa sababu maji yameondoka, hata ukilizamisha zege kwenye pipa bado litashika. Sasa ukizidisha maji wakati wa kukoroga, yale ya ziada yakija kutoka yanaacha vitundu ndani na jiwe linakuwa dhaifu, na ukilianika juani likiwa changa unalinyang'anya maji kabla halijayatumia. Mi nilikuwa nimefanya makosa yote mawili kwa mpigo.

Kwahiyo safari ya pili nikatumia kopo la rangi la lita 4 kama kipimo, simenti kopo moja, mchanga mawili, kokoto ndogo za nusu inchi matatu. Changanya vikavu kwanza na beleshi mpaka rangi iwe moja, ndo utie maji kidogokidogo, kwangu yaliishia kama lita mbili na nusu. Chukua konzi ukaminye, likikaa umbo bila kuchuruzika maji limefika hapo (vaa glavu jamani, simenti mbichi inachoma ngozi na hutajua mpaka usiku). Mchanga usiwe wa baharini kwa sababu ya chumvi, na ule wa mtoni pia uupime, weka kwenye chupa na maji, tikisa, uache utulie, ukiona tope limelala nene juu ya mchanga basi tafuta mwingine.

Beseni langu lina upana wa sentimita 30 hivi. Nalipaka mafuta ya kula yaliyobaki kwenye kukaangia, wengine wanatumia oili chafu ila mi sikutaka oili karibu na mboga. Zege nusu, kipande cha wavu wa kuku, zege tena mpaka inchi mbili, afu nagongagonga beseni pembeni mpaka mapovu yaache kupanda. Korogo moja linatoa mawe manne. Juu usipige niru (ule uji wa simenti tupu wa kulainisha) hata kama inapendeza, niru ikilowa ni utelezi uleule uliokuwa unaukimbia. Mi napitisha ufagio wa chelewa, na mengine naweka jani la gimbi, upande wa mishipa ukiwa chini, nalikandamiza taratibu na kiganja.

Siku mbili hayaguswi, yako kivulini. Nikiyatoa nayafunika magunia, nayamwagilia asubuhi na jioni kwa siku saba, ila kwa joto la Dar nilienda mpaka kumi na nne na sijutii. Wahandisi wenyewe nguvu ya zege wanaihesabu siku ya 28.

Kuyapanga sasa. Hatua yangu mi ni kama sentimita 60, nikawa nishaanza kuchimba kwa kipimo hicho, afu nikajiuliza njia hii ya nani? Nikamuomba mama atembee tu kama anavyotembea na ungo wake, mi niko nyuma namwagia majivu kila alipokanyaga. Zikatoka sentimita 45, na pale karibu na mpapai hatua zinafupika zaidi maana anapinda. Nikafuata majivu yake hivyohivyo, mawe 19. Kila shimo nikalitandika mchanga inchi mbili, nikashindilia, jiwe likakaa usawa wa ardhi, na pima maji nikahakikisha limeinama kidogo upande mmoja ili maji yasituame.

Jana imenyesha tena. Nimesimama dirishani naosha vyombo namwona anaenda, mguu hadi mguu, haangalii hata chini. Kwenye lile jiwe la jani la gimbi akasimama, maji yamejaa kwenye ile mishipa midogo jani lote linang'aa, akaliangalia weee, afu akaruka hatua akakanyaga la mbele. Aliporudi akaniambia, "Mwanangu, lile la jani ungelisogeza pembeni, naona tabu kulikanyaga." Kesho nalihamishia chini ya bomba, na jingine la kuziba pengo liko kwenye beseni tayari.