Waache Viwavi Wale: Nilivyopata Bustani ya Vipepeo na Ndege Chozi Tanga

Ushauri niliopewa na kila mtu ulikuwa mmoja: panda maua mengi ya rangi, vipepeo watakuja wenyewe. Kuja watakuja, watakunywa na kupita. Kipepeo hukaa pale anapopata pa kutagia, na hutaga kwenye jani. Tena si jani lolote: kila aina ina mimea yake michache, na kiwavi akianguliwa kwenye mmea usio wake atakufa njaa huku majani yamemzunguka pande zote. Wanaofuga vipepeo kwa ajili ya mradi wa Kipepeo kule Gede, Kenya, ulioanza mwaka 1993 pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, wanalijua hili vizuri sana. Kazi yao kubwa ni kupata majani ya kulisha viwavi. Na mimi nikaanzia hapo.

Eneo langu ni mita 12 kwa 15, udongo wa kichanga usioshika maji. Kila shimo la mti nilichimba sentimita 60 kwenda chini na 60 upana, nikachanganya udongo wa juu na madebe mawili ya samadi iliyooza. Samadi niliipata bure kwa kwenda kuizoa mwenyewe. Gharama nyingine zote, za miche na viriba, hazikunizidi shilingi elfu arobaini.

Mmea ulionilipa kuliko yote ni mndimu. Usitafute mche wa kubebesha, maana unachotaka ni majani. Nilipanda mbegu za ndimu za jikoni kwenye viriba, na miche sita iliyotoka vizuri nikaihamishia ardhini masika yalipoanza, kwa nafasi ya hatua moja moja.

Ujanja uko kwenye kukata. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye mabaka ya manjano, anayependa michungwa na mindimu, hutaga zaidi kwenye majani machanga, yale laini yanayong'aa. Mndimu ukiuachia urefuke, majani hayo hutoka kwa msimu tu, na hutoka juu. Kwa hiyo naikata kwa zamu usawa wa kiuno: miwili leo, miwili baada ya wiki tatu, miwili baada ya wiki tatu nyingine. Haipiti wiki bila mmoja wao kuchipua.

Yai ni la mviringo, la manjano hafifu, dogo kama kichwa cha pini. Kiwavi mchanga ana rangi ya kahawia na baka jeupe, ukimtazama utasema ni kinyesi cha ndege, na hiyo ndiyo kinga yake. Akikua anageuka kijani. Ukimgusa kidogo mgongoni, nyuma ya kichwa zinachomoza pembe mbili laini za rangi ya chungwa, na harufu kali inakupiga puani. Viwavi watano wanaweza kuuacha mche mdogo vijiti vitupu. Usiwaue. Kata kitawi walichokalia, kipachike kwenye mche wa jirani, watahama wenyewe. Mche ulioliwa utachipua tena. Kiwavi akishiba huondoka kutafuta pa kujining'iniza, ndiyo maana vijiti vikavu sing'oi. Kwa joto la pwani, kipepeo hutoka baada ya wiki mbili hivi.

Lakini mindimu hii ya mbegu ni ya awamu ya pili. Ya kwanza nilinunua kando ya barabara, miche minne mikubwa, majani yake hayana hata tundu moja. Majani yale safi yalikuwa onyo. Vipepeo walitaga ndani ya wiki moja, viwavi wakaanguliwa, na siku ya tatu wote walikuwa wamelegea, wengine wameanguka chini weusi. Nikaosha majani kwa maji ya sabuni, jani kwa jani, juu na chini. Nikasubiri mwezi mzima. Kundi la pili likafa vilevile. Niliporudi kuuliza, ndipo nikaambiwa kwamba mbali na dawa ya kupuliza, kuna nyingine humwagwa kwenye kiriba ili mizizi iinyonye. Dawa ya namna hiyo iko ndani ya utomvu, sabuni haiifikii. Miche yote minne niling'oa. Tangu hapo, mmea wa kulisha viwavi naupanda kwa mbegu au kipandikizi ninachojua kimetoka wapi.

Mmea wa pili ni mwingajini, ule unaong'olewa kila siku kama gugu. Vipepeo weupe na wa manjano hafifu hutaga hapo. Mitano inatosha. Kata maganda kabla hayajakauka, la sivyo utajaa uwanja mzima. Na mbegu zake ni sumu, upande mahali ambapo watoto na mbuzi hawafiki.

Kwa nyuki, kivumbasi. Nafasi ya nusu mita, na ukivuna kata nusu ya kichaka, nusu nyingine iachie maua.

Kwa chozi, yule ndege mdogo mwenye mdomo mwembamba uliopinda, nilipanda mishubiri na kuacha migomba miwili bila kukata ua lake la zambarau. Wengi hulikata mapema. Kwangu linabaki mpaka likauke lenyewe, maana chozi huning'inia pale asubuhi nzima. Haibiskasi nunua ya ua la kawaida la petali tano. Zile zilizojaa petali kama waridi hupendeza macho, lakini mdomo wa ndege unapata shida kuifikia nekta.

Maji yasipite sentimita 3 kina. Beseni pana, mawe ndani, liwe mahali peupe ili paka asijifiche. Ndege walilipita beseni langu wiki nzima mpaka nilipotundika juu yake dumu la lita 5 lililotobolewa kwa sindano ya moto, tone moja kila sekunde mbili tatu. Sauti ya tone ndiyo huwaita. Maji mwaga na usugue beseni kila baada ya siku mbili, maana kwa joto letu mbu anakamilika ndani ya wiki moja au zaidi kidogo.

Wali usimwage. Niliumwaga ukutani siku nne tu, na waliokuja ni kunguru wenye shingo ya kijivu, wale ambao uzao wao uliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890. Wakishazoea mahali hula mayai na makinda ya ndege wadogo. Nilifunika pipa la taka, nikaacha kumwaga makombo, nikapanda ua wa michongoma mistari miwili kwa mkato, mche kila sentimita 50. Ndani ya miiba ile kunguru hapenyi, shore anapenya.

Nyoka ndiyo hofu ya kila jirani. Majani yaliyoanguka nayatandaza unene wa sentimita 8 chini ya miti, mbali na shina kwa upana wa kiganja ili mchwa wasipande. Lakini kuzunguka nyumba kuna mita moja na nusu iliyofagiwa, hakuna rundo la matofali, hakuna tawi linalogusa paa. Panya wasipopata chakula, nyoka hana cha kumfuata.

Na utando wa buibui kwenye ua wa michongoma na chini ya baraza sifagii tena. Chozi huchota nyuzi zake kwa mdomo, anazizungusha kwenye nyasi kavu na vipande vya majani, hadi kiota kinaning'inia kwenye kitawi kama kifuko. Mwezi huu kuna kimoja kwenye mhina, usawa wa bega langu, na mlango wake una kibaraza kidogo juu.