Nilivyopata mchanganyiko wa kupandia okidi kiatu kwa vitu vya hapa hapa

Okidi kiatu hazina pa kuweka akiba ya maji. Nazungumzia zile za jenasi ya Paphiopedilum, ambazo mdomo wa ua umejikunja ukawa mfuko kama ncha ya kiatu. Okidi nyingi zinazokua juu ya miti zina mashina yaliyovimba, na kiangazi kikibana zinanywa kutoka humo. Hizi zina majani na mizizi michache yenye manyoya ya kahawia, basi. Mizizi ikikauka kabisa, mmea unanyauka. Ikikaa kwenye maji yasiyo na hewa, inaoza. Kinachotiwa chunguni ndicho kinachoamua, na mimi nililifuatilia jambo hili misimu kadhaa hadi nikaridhika.

Naishi Ongata Rongai, nje kidogo ya Nairobi, kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi. Mimea yangu iko barazani chini ya neti ya kivuli. Januari na Februari hewa ni kavu na upepo unaoteremka kutoka Ngong haukomi. Julai ni mawingu na baridi, na chungu ulichokimwagilia Jumatatu waweza kukikuta bado kizito Jumatatu inayofuata. Maelekezo mengi niliyoyasoma yanatoka Marekani na Uingereza, na yanataja magome ya miti ya huko, perilaiti, zile punje nyeupe nyepesi za mwamba wa volkano uliopashwa moto, na sfagnamu, ile mimea laini ya kinamasi inayouzwa ikiwa imekaushwa. Kuviagiza ni ghali, lakini hilo si kubwa. Kubwa ni kwamba vipimo hivyo vilipatikana kwenye nyumba ya kioo ya mtu mwingine, kwa maji yake na kwa mkono wake wa kumwagilia.

Nikaona heri nianze na mmea wenyewe. Paphiopedilum insigne asili yake ni milima ya Khasi, kaskazini-mashariki mwa India. Paphiopedilum callosum ni ya misitu ya Thailand na nchi jirani zake. Mizizi yake hutambaa kwenye tabaka la majani yaliyooza nusu, juu ya mawe na katikati ya mizizi ya miti, mahali ambapo mvua hupita ikaenda zake na unyevu ukabaki. Mmea unataka unyevu na hewa kwa pamoja. Hilo laweza kutengenezwa kwa vitu vinavyopatikana Kenya, tena kwa bei ya chini.

Cha kwanza ni pumisi, lile jiwe jepesi la volkano ambalo wengi wetu tunalijua kwa kusugulia visigino. Linachimbwa Bonde la Ufa, na mashamba ya maua ya Naivasha hupandia waridi humo. Nililinunua gunia kwenye kitalu cha miche kando ya barabara, nikalichekecha kwa nyavu mbili za waya, moja ya matundu ya milimita 10 na nyingine ya milimita 5, nikabakiza kilichokwama katikati. Vumbi lake ni adui. Lisipooshwa hushuka chini ya chungu likaganda na kuziba matundu, kwa hiyo naosha mpaka maji yatoke meupe kidogo tu, kisha masafi. Pumisi haiozi, na kila punje ina vijitundu vinavyoshika maji huku hewa ikipita kati ya punje na punje.

Magome nilienda kuyatafuta kwenye kiwanda cha mbao upande wa Limuru. Mzee aliyekuwa pale alinitazama nikichagua, akaniambia, "Mama, chukua tu, sisi hayo huyachoma." Lakini si kila gome linafaa. La saipresi lina nyuzinyuzi na huvunjika ovyo. La msonobari ndilo zuri, tena la sehemu ya chini ya shina, ambalo ni nene na hukatika vipande vigumu. La juu ni jembamba, jekundu, na linachunika. Nyumbani niliyamwagia maji yanayochemka kuua wadudu, nikayaacha nje yanyeshewe msimu mzima wa mvua za vuli ili utomvu upungue.

Makumbi ya nazi alinitumia binamu yangu wa Kilifi, kwa basi. Nilimsihi asinipe yale yaliyofukiwa kwenye matope ya bahari kwa ajili ya kusokota kamba, kwa sababu yamejaa chumvi. Hata ya shambani yana chumvi zake za asili. Niliyakata vipande vya sentimita moja kwa panga, nikayaloweka kwenye ndoo na kubadilisha maji kila yalipogeuka rangi ya chai ya mkandaa, hadi yakakaa bila kuchafuka. Kisha nikayalaza usiku mmoja kwenye maji yenye kalsiamu naitreti ya duka la agrovet, kijiko cha chai kwa lita, na asubuhi nikayasuuza. Hatua hii wengi huiruka, nami nasisitiza isirukwe. Makumbi yana tabia ya kushikilia sodiamu na potasiamu, na ukitia mbolea yananyakua kalsiamu iliyomo na kuuachia mmea zile chumvi. Yapewe kalsiamu kwanza, yashibe.

Makaa ni ya kawaida ya jikoni, yale magumu, yaliyopondwa na kuondolewa vumbi. Naweka kidogo. Wapo wanaoyasifu sana. Mimi nayapenda kwa sababu hayaozi, na sidai zaidi ya hapo.

Sasa uwiano. Hapa ndipo nilipotumia akili kuliko mahali pengine popote. Nilichukua vyungu vya plastiki vya ukubwa mmoja, nikavijaza: hiki magome peke yake, hiki makumbi, hiki pumisi, na vingine mchanganyiko. Sikupanda kitu ndani. Nikavimwagilia, nikaviacha vichuruzike, kisha kila asubuhi kabla ya chai nikaviweka kwenye mizani ya jikoni na kuandika uzito kwenye daftari. Nilifanya hivyo wakati wa ukavu wa Februari, nikarudia baridi ya Julai.

Daftari lile lilinifundisha kuliko maelezo yote niliyosoma. Magome mapya peke yake hayakutaka hata kulowa: maji yalipita pembeni, na uzito ukashuka upesi mno. Makumbi yalikuwa na udanganyifu wake. Juu yalionekana makavu, rangi imepauka, lakini ukichoma kijiti cha mshikaki hadi katikati na kukichomoa, kilitoka kimelowa na baridi ukikigusisha mdomoni. Mtu angemwagilia tena hapo, na mizizi ingeoza. Pumisi ilishuka polepole na kwa usawa, juu na chini. Nilichotafuta ni chungu kinachofikia unyevu kidogo, bila kukauka, baada ya siku nne au tano wakati wa Februari, kwa sababu huo ndio mwendo wangu wa kumwagilia na siwezi kuubadilisha kwa ajili ya maua.

Nikaishia hapa: pumisi sehemu nne, magome sehemu tatu, makumbi sehemu mbili, makaa sehemu moja. Kwa miche midogo nachukua punje za milimita 3 hadi 6, na makumbi naongeza kidogo. Paphiopedilum bellatulum, ambayo kwao huota kwenye miamba ya chokaa, naitengea yake: pumisi sehemu sita, magome sehemu tatu, na sehemu moja ya maganda ya chaza yaliyosagwa, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vyakula vya kuku.

Maji nayo yaingie kwenye hesabu. Kisima chetu kina chumvi nyingi. Birika hufanya utando mweupe. Maji hayo yakipita kwenye magome kila mara, chumvi hubaki na ncha za majani hubabuka. Kwa hiyo namwagilia maji ya mvua kutoka kwenye tangi, mbolea naitia robo ya kipimo cha kwenye pakiti, na mara moja kwa mwezi namimina maji matupu mengi yakatoke chini.

Siku ya kupanda, mchanganyiko naulowesha tangu jana yake. Chungu nachagua kinachotosha mizizi tu, kwa sababu chungu kikubwa hukaa na maji katikati pasipo mzizi wa kuyanywa. Mizizi yake hukatika kwa urahisi, hivyo siisukumi. Nashika mmea mkononi, namimina punje kuizunguka, nagongagonga chungu mezani zishuke zenyewe. Shingo ya mmea inakaa sentimita moja hivi chini ya uso, kwa kuwa mizizi mipya hutoka hapo na isipogusa kitu chenye unyevu hukoma kukua. Narudia kila mwaka mmoja na nusu hivi, hata kama mmea unapendeza, maana magome yakishalainika hewa imekwisha.

Mwenye nia ya kuanza anunue mimea iliyozalishwa kitaluni na yenye hati. Jenasi nzima iko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na kung'olewa kwa mimea msituni kumeteketeza baadhi ya aina kwao.

Binamu yangu wa Kilifi sasa ana callosum kadhaa, mgawanyo wa zangu. Nilimshauri asiige uwiano wangu, bali apime kwanza vyungu vyenye mchanganyiko bila mmea. Kwake joto ni kali lakini hewa ina unyevu wa bahari. Ameishia kwenye pumisi sehemu tano, makumbi yaliyooshwa vizuri sehemu mbili na makaa sehemu tatu, bila magome kabisa, kwani kwenye joto la pwani yalikuwa yakioza kabla mwaka haujaisha.