Tumebishana hadi kahawa ikapoa: nani bora kwenye hoki ya barafu?

Jumatatu, 26 Mei 2025. Tampere, Ufini.

Leo sijalala vizuri. Jana usiku ilikuwa fainali ya ubingwa wa dunia wa hoki ya barafu kule Stockholm, Marekani na Uswisi, dakika 60 nzima sifuri sifuri, wakaingia dakika za nyongeza ambazo anayefunga kwanza ndo kamaliza mchezo, na Tage Thompson akaachia shuti moja, kwisha habari. Marekani bingwa. Mara ya mwisho kushinda mashindano haya yenyewe ilikuwa 1933, bibi yangu mzaa mama alikuwa bado hajazaliwa. Na Waswisi jamani, hii ni fedha yao ya nne tangu 2013, mbili za mwisho mfululizo, dhahabu hawajawahi kuishika hata mara moja. Kipa wao Genoni ana miaka 37, alipobaki pale chini golini wenzake wa upande wa pili wakirukiana nilishindwa kuangalia, nikageuza uso.

Halafu wale Wamarekani wakaleta ile jezi. Namba 13, ya Johnny Gaudreau, mchezaji mwenzao aliyegongwa na gari Agosti mwaka jana akiwa kwenye baiskeli na mdogo wake Matthew, wakafa wote wawili. Wakaishika mbele yao kwenye picha ya mabingwa. Hapo nikalia kidogo na binti yangu akaniletea blanketi bila kuuliza kitu.

Sasa asubuhi kazini. Mimi nipo jiko kubwa linalopika chakula cha shule, na saa tatu huwa tunakaa kunywa kahawa, dakika 15 tu. Watu ambao hawajaishi huku wanadhani Wafini ni wakimya. Ni wakimya kweli, ila siku baada ya fainali ya hoki chumba cha mapumziko kinakuwa kijiwe kabisa, kama vile vya Tanga watu wakibishania Simba na Yanga, tofauti ni kwamba huku hakuna anayepiga meza, wanapunguza sauti tu, na sauti ikishuka ujue mtu amekasirika. Tupo watatu wa kudumu kwenye ubishi huu: mimi, mzee mmoja Mfini ambaye anastaafu mwakani, na mama mmoja wa Kicheki tunayechambua naye viazi. Wa nne hayupo jikoni, yupo kwenye simu yangu, shemeji yangu, Mkenya wa Kakamega aliyemuoa dada yangu, wanaishi Edmonton, Kanada. Huyo anatuma voisi noti za dakika nne nne.

Swali ni lile lile kila mwaka. Taifa gani ndo bora kweli kweli kwenye hoki?

Shemeji yeye hana muda wa kufikiri, ni Kanada tu. "Shemeji, hesabu si inajulikana! Ubingwa wa dunia mara 28, dhahabu ya Olimpiki kwa wanaume mara 9, mnataka nini tena?" Na hapo hajaanza kusimulia Februari, ile mechi ya Boston ambapo McDavid wa Kanada aliwamaliza Wamarekani tatu mbili dakika za nyongeza, siku ile aliniamsha usiku wa manane. Ana mapenzi ya kweli na Crosby pia, nyota mwingine wa Kanada, manake mwaka 2018 wale vijana wa Nairobi, timu ya hoki ya Ice Lions, walipelekwa Kanada na Crosby mwenyewe na Mkanada mwenzake MacKinnon wakaingia barafuni kucheza nao, vijana waliojifunzia kwenye kale kauwanja kadogo ka hoteli ya Panari pale Mombasa Road. Shemeji anaitunza ile video kama picha ya harusi. Na mwaka jana Kenya ilipopokelewa kwenye shirikisho la dunia alinipigia sauti inatetemeka.

Kwa hiyo unaweza kujua Alhamisi iliyopita ilimuumiza kiasi gani. Kanada, na Crosby huyo huyo nahodha, na MacKinnon, wakatolewa robo fainali na Denmark. Denmark! Mbili moja, tena Wadenmark walikuwa nyuma hadi dakika tatu za mwisho, wakasawazisha, wakafunga la pili ikiwa imebaki chini ya dakika moja. Mzee alipoiskia habari hiyo hakusema kitu, alijimiminia kahawa ya pili tu. Wafini nao walikuwa wametolewa siku hiyo hiyo na Marekani, tano mbili, kwa hiyo hakuwa na pa kusimamia.

Ila hesabu ya shemeji mimi naibishia, na nimemwambia. Angalia hizo dhahabu za zamani zilivyopatikana. Mwaka 1924 kwenye Olimpiki ya Chamonix Kanada ilipeleka klabu moja tu ya Toronto, wakaifunga Uswisi 33 kwa sifuri. Thelathini na tatu! Chekoslovakia walipigwa 30. Hiyo siyo ligi ya mataifa, hiyo ni mtu mzima kucheza na watoto wa chekechea. Na hao Waswisi wa 33-0 ndo hao jana wamepoteza fainali kwa goli moja la dakika za nyongeza, miaka 101 baadaye. Mimi nikiiona safari hiyo nasema heshima iende kwa aliyetembea umbali mrefu, siyo kwa aliyezaliwa karibu na kisima.

Na ukienda kwa Wasovieti ni hivyo hivyo, dhahabu 7 za Olimpiki toka 1956 mpaka 1988, inatisha, lakini kwenye karatasi wale walikuwa wanajeshi, siyo wachezaji wa kulipwa, na ukweli ni kwamba walikuwa wanakaa kambini CSKA, klabu ya jeshi, karibu mwaka mzima wanafanya hoki tu. Wakanada wa kulipwa walikatazwa kushiriki, ndo maana toka 1970 Kanada ikasusa kabisa, ikarudi 1977. Kwa hiyo miaka ile ya katikati bingwa wa dunia alikuwa anapatikana mmoja wa wakubwa akiwa kabaki nyumbani. Walipokutana wote kikweli, 1972, mechi 8, nne Kanada nne Moscow, Kanada nzima ilidhani watawafagia, mechi ya kwanza Montreal wakapigwa 7-3. Ikabidi iamuliwe mechi ya nane, ikiwa zimebaki sekunde 34, Paul Henderson akafunga. Sekunde 34 ndo tofauti kati ya hao wawili kwa mechi nane! Shemeji anasema hiyo inathibitisha Kanada ni bora, mimi nasema inathibitisha walikuwa sawa.

Na mpaka leo haijanyooka. Mashindano haya ya Mei yanachezwa wakati NHL, ile ligi kubwa ya kulipwa ya Marekani na Kanada, ipo kwenye mtoano, kwa hiyo anayekuja ni yule ambaye klabu yake imeshatolewa. Urusi na Belarus wamefungiwa toka vita ya 2022. Kwenye Olimpiki za 2018 na 2022 wachezaji wa NHL hawakuwepo. Sasa utampima nani na nani?

Mama wa Kicheki alikuwa kimya muda wote huu, kashika kikombe kwa mikono miwili. Ye huwa anakuja mwisho. Akasema kwao swali hili lilishajibiwa Machi 1969 yeye akiwa na miaka sita. Vifaru vya Wasovieti vilikuwa vimeingia Prague Agosti ya mwaka uliotangulia, ubingwa wa dunia uliokuwa uchezwe Prague ukahamishiwa Stockholm, na Chekoslovakia ikakutana na Wasovieti mara mbili. Ya kwanza 2-0. Ya pili 4-3. Kuna wachezaji walibandika plasta juu ya nyota nyekundu kwenye nembo ya jezi zao. Baba yake, mtu ambaye hakuwahi kupaza sauti ndani ya nyumba, alimbeba mabegani wakashuka ngazi ghorofa nne wakaingia barabarani, na barabara nzima imejaa watu wanaimba, na anakumbuka koti la baba lilikuwa na harufu ya makaa. Mwezi uliofuata Dubček, kiongozi wa nchi yao, akaondolewa.

Nikamuuliza, na kombe mkachukua? Akasema hapana. Tulikuwa wa tatu. Wasovieti ndo walichukua dhahabu.

Tukakaa kimya. Mzee akainuka akamwongezea kahawa, kitu ambacho toka nimfahamu sijawahi kumuona akimfanyia mtu.

Naye mzee ana siku yake. 1995, Ufini haijawahi kuchukua ubingwa hata siku moja, fainali ni Stockholm nyumbani kwa Waswidi, na Waswidi kwa Mfini ni kama Yanga kwa mtu wa Simba, Ville Peltonen akafunga matatu kipindi kimoja, ikaisha 4-1. Anasema aliendesha gari usiku kucha akipiga honi kwenye kijiji ambacho hakuna watu. Halafu 2022, hiyo nilikuwepo na mimi: Februari Ufini wanachukua dhahabu ya Olimpiki, Mei wanachukua ubingwa wa dunia hapa hapa Tampere kwenye Nokia Arena, 4-3 dhidi ya Kanada, baada ya Wakanada kusawazisha dakika za mwisho kabisa na mji mzima kunyamaza kama msiba. Sakari Manninen akafunga dakika za nyongeza. Mimi nilikuwa Keskustori, ule uwanja wa katikati ya mji, na binti yangu, tukakumbatiwa na watu tusiowajua, huku, Ufini, ambako jirani yangu wa ukuta mmoja anasubiri nipite ndo afungue mlango wake.

Basi nikaulizwa na mimi. Nikasema hivi: ukichukua wachezaji wote wazima, hakuna majeruhi, hakuna aliyezuiwa na klabu, ukanilazimisha kuweka pesa yangu, naweka Kanada. Hilo sibishi. Ila swali ni taifa bora, siyo wachezaji bora, na taifa naliona Januari pale kwenye uwanja wa shule mtaani kwetu, baridi ya nyuzi 15 chini ya sifuri, baba mmoja kasimama na mpira wa maji saa nne usiku anamwagilia kile kiwanja safu kwa safu ili asubuhi kiwe barafu laini, kope zake nyeupe, hakuna anayemlipa. Watu milioni 5.6 tu nchi nzima. Jibu langu ni Ufini, na shemeji akisoma hapa anajua nitapokea voisi noti tatu.

Lakini nilipofika nyumbani nikamsimulia binti yangu, ana miaka 13, anacheza beki kwenye timu ya wasichana, na akaniuliza swali lililoniumiza hadi sasa naandika. "Mama, mlipokuwa mnahesabu, na wanawake mlihesabu?"

Hatukuhesabu. Miaka yote hii ya kubishana hatujawahi hata siku moja.

Na mimi ndo nilikuwa naye Espoo tarehe 14 Aprili 2019! Ana miaka saba, kakaa mapajani kwangu, fainali ya ubingwa wa dunia wa wanawake, Ufini na Marekani, na kumbuka kombe hilo toka lianze 1990 limechukuliwa na nchi mbili tu, Kanada na Marekani, hakuna timu ya Ulaya iliyowahi hata kufika fainali kabla ya siku ile. Moja moja, dakika za nyongeza, Petra Nieminen akafunga. Ukumbi ukalipuka. Glavu zikarushwa juu, fimbo, helmeti, wakalaliana wote kwenye kona, binti yangu ananivuta sikio anapiga kelele. Halafu waamuzi wakaenda kuangalia video. Wakaangalia, wakaangalia, dakika zinapita, wale wadada wanaokota glavu zao moja moja barafuni hawajui kama ni mabingwa au siyo. Goli likakataliwa, eti kipa kabughudhiwa. Wakaenda matuta, Marekani wakashinda. Binti yangu alilala njia nzima kwenye treni ila mkono wake ulikuwa umeshika ile bendera ndogo ya karatasi, sikuweza kuitoa. Wiki iliyofuata akaomba viatu vya kuteleza.

Mimi nikiulizwa goli gani kubwa kuliko yote kwenye nchi hii nitasema lile ambalo halikuandikwa. Na leo nimekaa kwenye kijiwe dakika 15 nimetaja 1924 na 1972 na 1995 na sijalitaja.

Mwezi Februari ni Olimpiki ya Milano, wachezaji wa NHL wanarudi kwa mara ya kwanza toka 2014, na mzee kabla hatujatoka kwenye chumba cha mapumziko alichukua kalenda ndogo ya mwakani aliyopewa na binti yake akazungushia duara tarehe 22 Februari kwa kalamu nyekundu, akaandika fainali, akaibandika kwenye friji juu ya ratiba ya zamu.

Kesho nikifika, kabla sijavaa hata aproni, nachukua ile kalamu. Fainali ya wanawake ni tarehe 19.