Kikwapa kilichorudi kila saa 4 asubuhi: jinsi nilivyokimaliza

Nilikuwa naoga asubuhi na jioni, lakini ikifika saa 4 tu kikwapa kimerudi. Nilijaribu sabuni kali, nikajaribu ndimu (iliniunguza, usithubutu kama umetoka kunyoa), kisha manukato, yakachanganyika na harufu mambo yakazidi kuharibika.

Jasho lenyewe halinuki. Bakteria wa kwenye ngozi ndio wanaolivunjavunja na kutoa ile harufu. Deodoranti ya kawaida hushughulikia harufu tu. Ya kuzuia jasho ina chumvi za alumini, ambazo huziba vitundu vya jasho kwa muda. Mimi nilikuwa nayo hiyo ya pili, ila nilikuwa naipaka asubuhi nikitoka bafuni, makwapa bado yana majimaji. Jasho lilikuwa linaiosha kabla haijashika.

Sasa naoga usiku, najifuta kwa taulo, nasubiri kama dakika 10 makwapa yakauke kabisa, kabisa, ndipo napaka na kulala. Usingizini jasho ni kidogo, kwa hiyo dawa inapata nafasi ya kukaa. Asubuhi naoga kama kawaida na bado inafanya kazi. Siku ya nne nilijinusa jioni: hakuna kitu.

Yalibaki mashati mawili ya poliesta. Hata yakitoka kufuliwa, yakipata joto yananuka upya. Niliyageuza ndani nje, nikayaloweka nusu saa kwenye maji yenye siki, ndipo nikayafua. Moja lilipona. La pili sasa ni tambara la kudekia.